Kopo la Kahawa

Maziwa yaliungua, na Lóránt ameketi palepale,
mgongo kaupa jiko, anasoma gazeti la juzi.
Mimi nilikuwa juu nakunja mashuka.
Harufu ilinipandia ngazi, ikanikaba koo.
Nikashuka mbio. Sufuria nyeusi tii.
Yeye akafunua ukurasa.

"Husikii?"
"Nisikie nini?"

Mama akacheka, akasema ni mafua.
Kila mwezi wa tisa Röszke nzima huvaa shanga nyekundu:
pilipili zimetungwa nyuzi, zinaning'inia madirishani,
vumbi la kinu linapenya hata ndani ya mkate,
na wageni kutoka Szeged hupiga chafya kabla ya salamu.
Nani hapa hana mafua?

Yeye ndiye aliyekuwa pua ya baba.
Tangu ana miaka tisa, baba alimwekea unga kiganjani,
naye akitaja: hii ya shamba la mtoni,
hii imekaushwa kwa pupa, hii ina ukungu, irudishe.
Hakukosea. Wanunuzi walikuja kumtazama
kama watazamavyo ndama mwenye vichwa viwili.

Mwaka ule aliyapitisha magunia sita yenye ukungu.
Baba akamfokea mbele ya vibarua.
Akavaa shati lilelile siku kumi na nne,
na mimi, dada mtu, nikamwambia: unanuka.
Nilimwambia hivyo. Unanuka.
Akauinua mkono wa shati, akauvuta puani polepole,
akanitazama kama vile nasema lugha ya ng'ambo.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa.
Mawingu ya namna gani haya,
yasiyotanda popote ila ndani ya pua ya mtu mmoja?

Kusikia ni kitenzi kimoja, kina kazi nyingi:
twasikia sauti, twasikia njaa, twasikia harufu.
Kwake harufu ilinyamaza kwanza.
Kisha, wakati wa baridi, Tisza imeganda kingoni,
akaanza kusikia yale tusiyoyasikia.
Watu wawili ndani ya kinu kilichozimwa. Wanamjadili.
Na moshi. Moshi usiku kucha,
akitumwagia maji vitandani ili atuokoe.
Pafukapo moshi pana moto, basi tukapekua
dari, bomba, banda la kuku.
Kuku walitushangaa.

Hospitalini Daktari Szendrei alimpa kijitabu cha kadi.
Kwangua, nusa, chagua.
Ndimu, petroli, waridi, au kitunguu?
Lóránt alikwangua kwa bidii ya mtoto wa darasa la kwanza.
"Karatasi," akasema. Ya pili: "Karatasi."
Ya kumi na moja aliishika muda mrefu.
"Karatasi," akasema, "lakini ina huzuni."
Daktari hakucheka; aliandika.
Akatueleza bila kuapa: pua ni jirani wa ukuta mmoja na ubongo,
na pengine jirani huzima taa mapema
kabla nyumba yenyewe haijaonyesha ufa.
Pengine ni mafua. Wengi hupoteza harufu
wasipoteze kitu kingine. "Msijilaumu."
Hilo la mwisho alimwambia baba.
Baba alikuwa akitazama viatu vyake.

Sasa huchomwa sindano kila mwezi. Wale wawili wamehama kinuni,
au wanaongea chini chini; haniambii yote.
Harufu haijarudi.
Jioni hunijia na unga kiganjani: "Nisomee."
Nami, ambaye si pua ya mtu, najaribu:
tamu, kidogo kama ngozi ya kiti cha gari la babu, kidogo jua.
Anafumba macho. "Ukungu?"
"Hakuna."
"Una hakika?"

Tuna damu moja, tumepishana miaka miwili.
Kila asubuhi, kabla sijasema na mtu,
nafunga mlango wa stoo, nafungua kopo la kahawa,
naingiza pua mpaka kwenye bati,
nasubiri.