Machicha

Tulipoanza tulikuwa wanawake kumi na wanne
na mapipa ya buluu yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia.
Tukayafunga kwa boriti za mkoko pale Mtangawanda,
tukateremsha kamba, na kwenye kamba kome
wadogo kama mbegu za tikiti.

Mimi nilipewa daftari,
na sahani.
Sahani nyeupe ya bati, ua jekundu katikati,
ya marehemu mama yake Bi Kuwe,
imetobolewa matundu matatu, imefungwa uzi wenye mafundo.
Unaishusha majini mpaka ua lipotee,
unahesabu mafundo, unaandika.

Mwezi wa kwanza: manne.
Mwaka ulipopinda: tisa.
Tukapiga vigelegele juu ya vyelezo, nusura tuzame.
Maana kome hana kazi nyingine:
anafumbua, anavuta, anachuja, anafumba.
Ndoo nzima kwa siku, kiumbe asiyezidi kidole gumba,
na sisi tulikuwa nao maelfu.
Hori lote likapita kwenye vifumbu vile,
likatoka kioo.

Lakini nani amekamua tui asibaki na machicha?

Hatukuuliza. Tulikuwa tukitazama juu.

Aliyeuliza ni Twaha, bila kukusudia.
Nanga ilikatika, akaizamia,
akaibuka akitema, tope mpaka kiwikoni,
jeusi kama kitako cha sufuria la harusi,
linanuka yai viza.
Kidoleni alikuwa na pete ya fedha.
Ilishuka nyeupe, ikapanda nyeusi.
Mkewe Mwanaidi hakuamini
kwamba bahari ndiyo iliyofanya vile.

Kesho yake nilishuka mwenyewe, kwa miwani ya kuazima.
Pale palipokuwa na nyasi ndefu,
tasi wakilisha humo kama mbuzi,
pamelala utando mweupe, ukungu wa mkate wa juzi.
Nilipougusa ulipumua.
Mavi ya kome, tuyataje kwa jina lake,
mvua isiyokatika usiku na mchana,
na mkondo pale ni mvivu.
Kaa walikuwapo, wanono,
wakivunja makombe yaliyodondoka.
Hao hawakuwa na malalamiko.
Tasi sikumwona hata mmoja.

Kikao kilichemka.
Huyu: nani anakula tope? Soko linataka kome.
Yule: tukate kamba zote, turudi kusuka mikeka.
Mimi nilikuwa na deni la ada ya shule, nikanyamaza,
daftari nimelikalia.
Bi Kuwe akangoja mate yawakauke:
"Mai yana kinwa, hayana ufagio.
Tuwapeleke penye ufagio."

Tukahamisha nusu, mlangoni, mkondo unapokwenda mbio.
Usiku wa bamvua la kwanza vyelezo viwili vikang'oka;
kimoja kiliokotwa Manda,
kingine Mungu anajua.
Waliobaki tukawapunguza, kamba moja badala ya tatu,
na pale pa zamani tukapaacha palale.

Hakuna kipimo cha usingizi wa tope.
Twaha akavua pete, akanipa.
Kila bamvua likipita
naifunga kwenye uzi ule ule wa sahani,
naishusha mpaka ulegee,
naiacha huko tangu alfajiri hadi adhuhuri.
Ukurasa wa nyuma wa daftari unasema:
nyeusi,
nyeusi,
nyeusi,
nyeusi, yenye samawati kidogo.

Juu, sahani inasoma saba sasa, si tisa.
Wapo wanaonidai yale mafundo mawili
kana kwamba nimeyatia mfukoni.

Jana pete imepanda na weusi upande mmoja.
Upande wa pili niliusugua kwa kidole,
nikakuta mkwaruzo mdogo, mpya:
kitu fulani kule chini
kilijaribu kuila.