Barua Yenye Harufu

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakukaa Obunga, kwenye njia ya upepo wa saa tisa,
la sivyo wangeongeza: pana na mafuta ya juzi,
pana migongo ya mbuta iliyonyolewa minofu kiwandani,
na pana Perpetua, nyar Seme, mwiko wa chuma mkononi,
anaigeuza mifupa mpaka iite wateja.

Mimi ni fundi wa sare.
Kola nyeupe, kaptura za kijivu,
marinda manane kwa kila sketi, nayahesabu.
Asubuhi upepo hutoka milima ya Nandi,
huteremka kwenda ziwani, hunipita na adabu zake.
Adhuhuri hugeuka. Nchi kavu ikishapata joto
ziwa hupumua kuja huku juu,
na kila linachokikuta kwa Perpetua linaniletea,
linakining'iniza kwenye kamba pamoja na mashati.

Nilifunga dirisha. Moshi ukapita chini ya mlango.
Niliziba mlango kwa gunia. Ukapita matundu ya misumari,
mstari mwembamba kwa kila tundu,
kama uzi unaotafuta sindano.
Mke wangu akanuka mbuta kanisani.
Chai ikanuka mbuta. Hata chenji.
Siku Mwalimu Khavere aliporudisha mafurushi mawili,
akasema, "Fundi, paka wanawafuata watoto wa darasa la tatu,"
nilicheka mbele yake,
kisha nikaingia nyuma ya pazia la kupimia, nikauma ngumi.

Nikaandika barua.
Kwa Afisa wa Afya. Yahusu: Kero.
Neno kero nililipigia mstari mara mbili, kwa rula ya kukatia.
Jioni ile nilimsalimu Perpetua, "Misawa,"
akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya kifua changu,
kifua alichokijaza yeye.

Ofisini kijana aliifungua bahasha,
na kabla hajasoma mstari wa kwanza
akaisogeza puani, akafumba macho.
"Hii ni ya Obunga," alisema. "Kipande siku hizi ni bei gani?"
Nikasema sijui.
Uongo. Najua. Shilingi hamsini, na mkia ni nyongeza.
Mwezi ule shule zilipofungwa na mfuko ukafungwa nazo,
wanangu watatu walikula mkia wa kukopa,
na sikumbuki kama deni nililimaliza.

Nikarudi na barua, nikampa mwenyewe.
Akafuta mikono kwenye leso, akaisoma yote, hata ile Yahusu.
Nikasubiri ugomvi. Mafuta yalifoka kwa niaba yetu.
Akasema: "Na cherehani yako, Mukhwana?
Saa saba za usiku inapita kichwani mwangu, tarara, tarara.
Ukuta wetu ni mmoja, bati na msumari.
Mjukuu wangu akilala, wewe unaanza mikono ya shati.
Mimi nimwandikie nani?"

Nilikuwa na tepu shingoni
na sikujua cha kupima.

Hatukupatana siku ile, nisidanganye.
Tulipatana kwa vipande, kama kitambaa kisichotosha.
Yeye akaanza kuwasha jiko alfajiri, upepo ukiwa bado wa milimani;
ila Jumanne na Ijumaa lori la kiwanda hufika saa sita,
nami siku hizo bado nafukizwa kama bibi harusi.
Mimi nafunika cherehani saa nne usiku,
nimeivisha matambara miguu yake ya chuma.
Mpwa wake akaunga mikebe ya mafuta ikawa bomba la moshi,
lina mshono ambao mimi ningeufumua.

Sasa moshi unaturuka sote wawili,
unatua kwa Wandiga kinyozi.
Jana nilimwona kaketi kizingitini, wembe kauweka chini,
karatasi gotini, kalamu mdomoni.
Aliponiona akainua kichwa:
"Fundi, wewe umesoma.
Hivi kero inaandikwaje?"