Sherehe ya Ng'ambo ya Ziwa

Tangu Jumatatu redio ina neno moja:
theluji, sentimita thelathini, upepo wa kaskazini,
asiye na safari ya lazima akae kwake.
Sirkka huipandisha sauti kila mara,
halafu huchungulia dirishani
kama anayemngoja mdeni.

Tuko saba tu hapa kwa dobi, Kajaani.
Tunafua mashuka ya hoteli mbili
na makoti ya madaktari wa meno.
Mwaka mzima tunanukia sabuni;
Desemba, usiku mmoja, tunanukia nyama ya kuokwa.

Safari hii meza imewekwa Paltamo,
ng'ambo ya ziwa, kilomita arobaini kwa barabara:
paja la nguruwe, viazi, mvinyo wa moto wenye karafuu,
na malipo ya awali, euro mia mbili, hayarudi.
Najua. Niliyeyaandika ni mimi.

Hilkka amenunua viatu vyekundu.
Viatu vile havijawahi kusikia habari za theluji.
Vimekaa juu ya mashine ya tatu, ndani ya boksi lao,
naye kila akipita huvifunua, huvifunika.
Taisto, dereva, ameapa kwa minyororo ya magurudumu:
“Hata ikifika kiunoni, mtafika.”
Zoryana haapi.
Anakunja shuka, pembe kwa pembe.

Wote wanaiombea theluji ichelewe.
Sirkka peke yake anaiombea iwahi.

Hilo nimelijua kwa sababu ya droo ya chini,
chini ya risiti za Agosti,
barua ya benki iliyokunjwa mara tatu.
Mwisho wa Januari, kufuli.
Alikuwa aseme kulekule Paltamo,
baada ya kahawa, kabla ya keki.
Alifanya mazoezi mbele yangu mara mbili, mlango umefungwa.
Mara zote mbili aliishia kwenye “Wapendwa.”

Ijumaa, saa tisa alasiri, giza limeshaingia,
ikaja. Kuanguka si neno lake:
ilimwagwa, kama mtu aliyekasirika na gunia.
Simu ikalia. Barabara ya ziwa imefungwa,
lori limelala ubavu, hakuna wa kulivuta.
Hilkka akalia kidogo. Viatu, alisema.
Sirkka akasema “basi,”
na mabega yake yakashuka
kama kamba iliyoanuliwa nguo.

Tukabaki.
Taisto akaleta soseji alizoficha garini, sita.
Tukazipasha juu ya pasi kubwa, Mungu atusamehe,
na Hilkka akavaa vile vyekundu
akacheza na Taisto, yeye na soksi zake,
katikati ya mashine zilizonyamaza.

Zoryana akaja kuketi kando yangu.
“Lini?” akanong'ona. “Januari au Februari?”
Nikajifanya sikusikia.
“Wiki ya tatu hii sabuni inakuja katoni moja moja,”
akasema. “Unadhani ni mimi tu ninayehesabu?”

Nikamtazama Taisto. Akatazama soksi zake.

Sirkka aligawa soseji sita kwa watu saba,
akasema hana njaa, alikula mchana.
Mchana hakula; tulikuwa wote.
Muziki ulipokoma Hilkka alikuja akihema,
akaikata yake katikati kwa mkasi wa vifungo,
akamwekea nusu kwenye kisahani,
kisha akarudi kucheza
bila kumtazama usoni.