Nambari Nne

Walianza na sauna. Nyumba ilifuata baadaye.
Hilja alijifungulia humo mara tatu
na Toivo nje, akipasua kuni zisizohitajika.
Ndivyo anavyosimulia Arlys, mama mkwe wangu,
akimenya viazi, macho hainui.

Kabla yao Waojibwe walipita hapa kwa mitumbwi,
wakipukusa mpunga wa mwitu kwa vijiti viwili.
Hilo halimo katika hati ya shamba.
Limo ziwani: kila Agosti mpunga huchomoza ghuba ya nyuma,
wala hauulizi hati iko kwa nani.

Shamba lilikataa. Jiwe ling'olewe, jiwe lizaliwe.
Toivo akageukia magogo:
kibanda cha kwanza mwaka wa thelathini na nne,
cha pili kwa mbao za zizi lililobaki tupu,
cha tatu kwa deni,
cha nne kwa deni la kulipia deni.
Wavuvi wakaja kutoka Duluth, kutoka Chicago,
ndoana kwenye kofia, chupa kwenye buti.

Januari walilikata ziwa kwa msumeno,
mapande makubwa kama sanduku la bibi harusi,
wakayafukia katika unga wa mbao.
Julai mgeni alikunywa Januari kwenye glasi.
Mimi wa Ujiji nilicheka niliposikia.
Ziwa letu sisi halipasuliwi,
lenyewe ndilo hupasua.

Cha nne kiliungua mwaka wa sitini na moja.
Soksi juu ya jiko, basi.
Hakufa mtu. Arlys alikuwa na miaka saba,
anakumbuka cheche tu, na baba yake
akichana ukurasa mmoja wa daftari la wageni.
Vikabaki moja, mbili, tatu, tano, sita:
kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino.

Nilipoolewa nikakabidhiwa funguo tano,
kila mmoja na samaki wake wa mti,
na kopo la rangi ya kijani.
"Bwana Haverkamp anakuja Jumamosi," akasema.
"Ibadili tano iwe nne."

Mzee yule alitokea siku moja, miaka mingi baada ya moto,
pete ya mkewe ikining'inia shingoni kwa uzi.
Akauliza, sauti ndogo: nambari nne ipo?
Na Arlys, asiyejua kudanganya hata katika karata,
akajibu, ipo,
akakimbilia stoo kutafuta brashi.

Tangu hapo, kila Julai.
Mimi nimepaka mara kumi na moja:
Ijumaa nne, Jumapili ya pili tano,
hadi mlango umevimba pale, rangi juu ya rangi,
ukipapasa gizani unasoma namba zote mbili.
Naye hulala humo, huacha kitanda kimetandikwa,
hushukuru kuliko kodi anayolipa.

Mwaka huu amekuja binti yake, Corinne, peke yake.
Ameweka mezani samaki wa mti, mweusi ubavu mmoja,
ufunguo wa nne. Ule wa kweli.
"Soksi zilikuwa zake," amesema.
"Fungate. Baba yenu alichana ukurasa,
akamwambia magogo huota tena, nenda na mkeo.
Alirudi kukiri.
Akaambiwa kibanda kipo."

Kimya. Nje, ndege mzamiaji
akalia kile kilio chake, akazama katikati yake.
"Aliona rangi mbichi kidoleni mwako," Corinne amemwambia Arlys,
"akashindwa kukuaibisha.
Miaka yote hiyo. Alikuwa akituambia nyumbani:
sasa naenda kwa ajili yao."

Arlys ameinua macho. Kiazi mkononi, nusu kina ganda.
Nimengoja machozi, nimengoja walau jina la Mungu.

"Soksi zenyewe," ameuliza,
"zilikuwa za rangi gani?"

Corinne hakujua.