Kamba ya Radi

Kamba ya katani. Fundo la kwanza: bega.
La pili: ncha ya sikio, Radi akishtuka.
Wiki tatu nazunguka nayo mfukoni,
Njiro, Unga Limited, Kwa Mrombo,
naishusha toka dari ya kila tela;
kila tela lanijibu: lete punda.

Leo Usa River, uani kwa Kaanaeli,
tela lenye kitanda, jiko,
sinki lililohamiwa na nyigu.
Kamba imening'inia. Haikugusa sakafu.

"Kimo sawa," anasema, "ila farasi wako mrefu
kama deni la benki." Anapiga chaki ukutani
pale mto wangu ungelala.
"Nikate chumba?"

Kata.
Mimi najua kujikunja.
Radi, hata usingizini, husimama.