Kushoto kwa Veijo

Mezani kwangu kuna kompyuta tatu
na kibodi moja.
Ya kwanza ni yangu, ya pili ya kampuni,
ya tatu ilikuwa ya Veijo na bado ni ya Veijo,
ingawa umeme wake nalipa mimi.

Yeye ndiye aliyeziunganisha.
Alichoka, alisema, kuona kibodi tatu zimelaliana
na mimi nikitikisa kipanya hiki huku nikitazama skrini ile,
naitukana bure.
Akaweka programu, Jumapili, soksi mguu mmoja,
akapanga visanduku vitatu kwenye kioo:
katikati wewe, kulia kampuni, kushoto mimi.
Sukuma kishale hadi ukingoni, akasema, usisite.
Nikasukuma.
Kikazama kwangu, kikaibuka kwake,
nikacheka kama mtoto aliyeonyeshwa kiinimacho.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Kipanya changu kina tatu, na hakijapotea
ila siku zile ninapopotea mimi.

Kazi yangu ni kutafsiri maelekezo ya misumeno.
Yake, baada ya kustaafu, haikuwa na mshahara:
kila asubuhi, tangu maji yagande hadi yavunjike,
alishuka mtoni na keekee,
akatoboa, akapima, akarudi na ndevu nyeupe
kuandika namba moja.
Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na moja.
Oulu nzima hakuna aliyemtuma.

Alipofariki nilihamisha vitu.
Kompyuta yake nikaipeleka kulia, dirishani,
mto unaonekana kutoka pale.
Ya kampuni ikachukua kushoto, penye kiza, panapoifaa.
Lakini programu haikupewa habari.
Kwayo Veijo yuko palepale alipokuwa,
na nikitaka kwenda kulia
lazima mkono wangu uende kushoto.

Oiva, mjukuu wa jirani, aliona akacheka.
"Raili, ni dakika moja. Unakiburuta kisanduku hiki,
unakiweka huku, basi."
Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.
Nikamwambia kahawa yake inapoa.
Akatazama kikombe. Kilikuwa kitupu.
Akakishika hivyo hivyo, kwa mikono miwili,
na hakuburuta kitu.

Usiku mmoja wa Februari, kazi ikinikimbiza,
niliandika ukurasa mzima macho yakiwa kitabuni.
Kuinua kichwa, skrini yangu nyeupe.
Maneno yote yalikwenda dirishani,
kwenye safu ya barafu,
chini ya namba yake ya mwisho, arobaini na mbili:
vipimo vya mnyororo, aina za mafuta,
na kila ä imejirudia mara tatu
kwa sababu kitufe chake kinanata
tangu Veijo alipokimwagia maziwa.

Nilifuta kutoka chini kwenda juu,
mstari kwa mstari, hadi ikabaki miwili.
Zima mashine kabla ya kugusa meno.
Usifanye kazi peke yako.
Hapo kidole kikachoka.
Bado ipo, mtu wa hali ya hewa akija kuisoma
atajua mwenyewe la kufanya nayo.

Keekee iko barazani. Sijui kuitumia,
na mto sasa nautazama tu.
Ila kila asubuhi, kabla ya misumeno,
nasukuma mkono kushoto.
Kishale kinafika ukingoni, kinatoweka.
Kuna kitambo, kifupi kuliko kupepesa jicho,
ambapo hakipo kokote.
Halafu kinatokea kulia,
na hakitokei upande ulio karibu nami, la.
Kinaingia kwa ukingo wa mbali, wa kule kwenye kioo cha dirisha,
kinakuja huku,
kama kwamba anayekisukuma ameketi upande wa pili.

Nakiacha kije hadi katikati ya skrini.
Kisha naondoa mkono.