Mlinzi Asiyekula Sana

Kompyuta hii ina umri wa mjukuu wangu aliye sekondari.
Ikiwashwa hukohoa, hutulia, kisha hukohoa tena
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Nimeifunika kitambaa cha kufuma, maana hapa Tororo
vumbi la saruji halipigi hodi.

Waliouunda mfumo wake wametangaza: umestaafu.
Sawa. Na mimi nimestaafu,
na bado napika, nalipa ada,
naandika hesabu za kikundi chetu,
akina mama thelathini na wanne
na deni la Nyafwono lisilopungua.

Nikamwita Emodek, fundi wa pale karibu na stesheni.
Akaja na flashi shingoni kama rozari.

Mlinzi wa kwanza aliyeniwekea alikuwa mnene.
Jina kubwa, ngao ya kijani, ahadi juu ya ahadi.
Akaketi mlangoni akala ugali wote wa wimbi:
kumbukumbu yote, gigabaiti moja, akairamba na sahani.
Nilibonyeza herufi A saa tatu;
A ikaja saa tatu na robo.
Mwizi angeingiaje,
mimi mwenye nyumba nimeshindwa kuingia?

Wa pili alikuwa wa bure.
Bure yake ilipiga kelele kila dakika kumi:
lipia, uko hatarini, lipia.
Na kila asubuhi alidai megabaiti za kujisasisha;
bando la wiki likaisha Jumanne.
Nikamkumbuka askari wa ghala la pamba
aliyepuliza filimbi usiku kucha
ili tujue hajalala,
na sisi tusilale.

Wa tatu (hapa Emodek akashusha sauti)
ni yule wa kulipiwa, ila kavunjwa kufuli.
"Elfu tano tu, mama."
Nikamtazama.
Mlinzi aliyenifikia kwa kupitia dirisha la jirani,
nimkabidhi funguo?
Akacheka, akairudisha flashi shingoni.

Tukanywa chai. Ndipo tukauliza
swali tulilopaswa kuanza nalo:
humu ndani mna nini?
Hesabu za kikundi.
Picha za Nyadoi, yule wa Doha,
amevaa koti la watu mbele ya jengo la vioo.
Barua za marehemu Oboth akidai kiinua mgongo cha reli,
barua ishirini na mbili,
kila moja ikianza kwa heshima na taadhima.
Majibu hayamo. Hayakuja.

Wa nne ni mwembamba. Jina lake nimeshalisahau.
Hukagua mara moja usiku, kisha hunyamaza.
Tukamsaidia kazi: tukafuta michezo ya wajukuu,
hesabu nikazinakili kwenye flashi yangu mwenyewe,
nikaizika ndani ya kopo la majani ya chai.
Na neno la siri nililoliandika kwenye kalenda ya parokia
nikalichana, pamoja na Machi nzima.

Saa mbili usiku, Emodek ameshaondoka,
yule mwembamba akapiga kengele.
Kuna kitu amekishika.
Faili: NAULI_OBOTH. Haijulikani. Haina saini.
Tabia yake inatia shaka.

Aliiandika Oboth mwenyewe, mwaka ule walipomwachisha kazi,
akijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada.
Unaandika stesheni mbili, inakupa nauli
ya treni ya abiria isiyopita tena.
Tororo, Mbale. Tororo, Soroti.
Daraja la pili, mtoto nusu.

Futa? Tenga? Ruhusu?

Mlinzi hakukosea.
Miaka thelathini na moja kitanda kimoja,
na tabia yake ilinitia shaka hata mimi,
mara mbili, labda tatu.

Nikabonyeza ruhusu.
Umeme ukakatika
kabla sijajua kama amenisikia.